Mitetea uliowanunua kwetu wasilale banda moja na kuku wako wa zamani siku hiyohiyo

Naandika hii sababu wiki hii tena nimepigiwa simu kwamba nimeuza kuku wagonjwa. Mama mmoja wa Goba alichukua mitetea 30 wa wiki 12, wazima kabisa, wanakula, wanakimbizana, siku ya nne nyuso zimevimba, macho yanatoa machozi na pua zinanuka, anataka hela yake. Nikamuuliza mama umewaweka wapi, akasema kwenye banda la wale wakubwa, jirani alimshauri awaingize usiku wakiwa wamelala, asubuhi watajikuta wamezoeana. Na wale wakubwa waliwahi kuugua mafua? Ndiyo, lakini walishapona zamani.

Sasa jamani, kuku akipona mafua makali akanenepa akaendelea kutaga haina maana vimelea vimeisha, anabaki navyo kichwani na anaendelea kuvimwaga kwenye maji ya kunywa, yeye hana shida. Mtetea ambaye hajawahi kukutana navyo akinywa maji yale, ndani ya siku 1 hadi 3 anaanza kuvimba. Koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu, nayo hivyohivyo, kuku wakubwa wameshaizoea, maranda yao yamejaa mayai ya vimelea, mgeni anadonoa pale chini na kama wiki moja baadaye unaona kinyesi chenye damu. Chanjo tulizowapa haziwezi kuzuia hayo, chanjo ya kideri, yaani mdondo, ni ya kideri tu.

Na bei. Najua mnasema tuko juu, sokoni mtu anashusha tenga anauza kwa bei ya chini. Mtetea wa hapa mpaka afike wiki 16 au 17 amekula karibu kilo 6 za chakula, amepata chanjo ya kideri na ya Gumboro, ugonjwa unaoua kinga ya kuku wadogo, kwa kurudia, amechanjwa ndui kwenye bawa mmojammoja kwa mkono, na kila kundi lina kadi yake ya tarehe tunakupa uondoke nayo. Yule wa kwenye tenga hujui amelala na nani jana. Kwa hiyo inaniuma sana kuona kazi ya miezi mitatu minne inaharibika usiku mmoja sababu mtu amekwepa gharama ya mabanzi na wavu.

Ukiwashusha nyumbani waweke peke yao wiki 3, mbali na wakubwa, angalau upande wa pili wa uwanja, na upepo usitoke kwa wakubwa kwenda kwa mitetea. Kila asubuhi anza kuhudumia mitetea ndo uende kwa wakubwa, usirudi nyuma, na viatu vya kule visiingie huku. Vyombo vya maji usichanganye. Hizi wiki 3 ndo zinatuonesha mimi na wewe ugonjwa umetoka wapi, kideri inaweza kukaa mpaka siku 15 mwilini bila kuonekana, kwa hiyo kama nilikupa wenye shida watajionesha wakiwa peke yao na hapo sina ujanja, lazima nilipe. Ila ukishawachanganya siku ya kwanza, hakuna daktari atakayetuamulia. Wale wakubwa nao kama hawajachanjwa kideri ndani ya miezi 3 iliyopita, wachanje kipindi hichohicho, ile chanjo ya kideri inayoitwa I-2 ni tone moja tu jichoni.

Baada ya hapo ndo kuzoeshana, na hapa napo watu wanakata kona. Gawa banda kwa wavu waonane bila kugusana, wiki moja, ikiwezekana mbili. Kuku wana ukubwa wao, kila mmoja anajua anamdonoa nani na anadonolewa na nani, ukiingiza wageni kila kitu kinaanza upya. Kaka mmoja wa Chanika aliingiza mitetea 5 kwenye kuku 60, chombo kimoja cha chakula, banda limebana, asubuhi akakuta wawili wameliwa nyuma mpaka utumbo uko nje. Kuku wakiona damu hawaachi. Watano kwa sitini hapana, ongeza kundi la maana, na eneo lisipungue mita moja ya mraba kwa kuku 5 au 6. Siku ya kuondoa wavu weka vyombo viwili viwili kona tofauti, maboksi au matawi ya kujificha, na kukipambazuka uwepo pale mwenyewe. Ukiona kidonda mtoe huyo, mpake GV, ile dawa ya vidonda ya zambarau, rangi yake inaficha wekundu, mrudishe akikauka. Ule ushauri wa usiku haukuwa mbaya, tatizo watu wanaurukia kabla ya haya mengine.

Chakula nacho. Wengi mkishachanganya mnawapa wote cha kutagia. Kile kina madini ya chokaa asilimia 3.5 mpaka 4, mtetea ambaye hajaanza kutaga anahitaji kama asilimia 1, ile inayozidi inaharibu figo na wengine wanakufa ghafla baadaye kabisa, ukipasua unakuta unga mweupe kwenye ini na moyo. Wape wote cha kukuzia, halafu weka chokaa ya mifugo au magamba ya konokono yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, anayetaga ataifuata mwenyewe. Mitetea wakianza kutaga rudisha chakula cha kutagia kwa wote.

Kuanzia mwezi huu, kabla sijapakia nitaomba picha ya mahali utakapowatenga. Kama huna, naweza kukuwekea akiba kundi lako kwa malipo ya chakula tu mpaka ujenge. Na mtetea akifa ndani ya zile wiki 3 akiwa ametengwa, usimtupe wala usimzike, mfunge kwenye mfuko, muweke kwenye barafu, usimgandishe, unipigie siku hiyohiyo tumpeleke kwa daktari wa mifugo apasuliwe. Ikionekana imetoka kwetu nalipa mimi pamoja na huyo daktari.