Kabla hujanunua skuta ya umeme, ujue utaipitisha wapi

Swali ambalo wateja hutuuliza sana kuliko yote halihusu ukubwa wa betri wala nguvu ya mota. Wanauliza, "Nikitoka nayo hapa, nipite wapi?" Ni swali zuri. Shida ni kwamba wengi huliuliza wakiwa wameshalipa, na wengine huliuliza baada ya kusimamishwa na askari. Tungependa lije mapema. Kwa hiyo makala hii ni ya anayefikiria kununua na aliyekwisha kununua, na pia ya mwenda kwa miguu aliyechoka kushtuliwa na skuta inayompita ubavuni bila mlio.

Tunazungumzia skuta ya kusimama, yenye kibao cha kukanyagia, usukani mrefu unaokunjika, magurudumu mawili madogo na mota iliyofichwa ndani ya gurudumu mojawapo. Skuta ya kukalia, ile inayofanana na pikipiki, ina sheria zake nyingine.

Chombo hiki kiliingia mijini kwa kasi kuliko sheria. Mwaka 2017 kampuni ya Bird ilianza kukodisha skuta za umeme Santa Monica, California, na haikuchukua muda miji mingi ya Marekani na Ulaya ikawa imejaa skuta za kampuni mbalimbali kabla haijaamua kama ni baiskeli, pikipiki au kitu cha kuchezea. Skuta haina pedali, kwa hiyo si baiskeli. Haina kiti, na mara nyingi haina namba wala anayeiendesha hadaiwi leseni, kwa hiyo kuiita pikipiki ni vigumu. Na kwa kuwa inafika kilomita 25 kwa saa, haiwezi kuhesabiwa pamoja na watu wanaotembea. Kila nchi ikaamua lake.

Ujerumani iliweka kanuni zake Juni 2019: mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa, mwendeshaji awe na miaka 14 au zaidi, skuta iwe na breki mbili zinazofanya kazi kila moja peke yake, taa, kengele na stika ya bima. Penye njia ya baiskeli ni lazima upite humo, pasipo na njia hiyo unaingia barabarani, na njia ya waenda kwa miguu hairuhusiwi. Ufaransa na Uhispania ziliweka kikomo cha kilomita 25 kwa saa na zote mbili zikaziondoa skuta kwenye njia za miguu; Ufaransa ikaja kupandisha umri kutoka miaka 12 hadi 14 mwaka 2023. Italia, tangu sheria mpya ya barabara ya Desemba 2024, inamtaka kila mwendeshaji avae helmeti bila kujali umri. Singapore ilipiga marufuku skuta kwenye njia za miguu Novemba 2019, na kwa kuwa barabarani zilikuwa tayari zimekatazwa, zimebakiwa na njia za baiskeli tu. Jimbo la Queensland nchini Australia likaenda upande mwingine: unaweza kupita kwenye njia ya miguu, lakini kwa mwendo usiozidi kilomita 12 kwa saa.

Uingereza ndiyo inayowachanganya wateja kupita zote. Kule duka linaweza kukuuzia skuta kihalali kabisa, ukaibeba, ukafika nje ya mlango, na ukawa huna pa kuipitisha. Skuta ya mtu binafsi hairuhusiwi barabarani, kwenye njia ya baiskeli wala kwenye njia ya miguu. Mahali pake ni kwenye ardhi ya mtu binafsi, tena kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Zinazoruhusiwa barabarani ni za kukodi, katika miji iliyo kwenye majaribio yaliyoanza mwaka 2020, na anayeikodi lazima awe na leseni ya udereva. Sisi tunaona muuzaji anayenyamazia jambo hilo anamkosea mteja, hata kama sheria haimlazimishi kusema.

Halafu kuna Paris, ambayo kila mtu huitaja na wengi huitaja vibaya. Tarehe 2 Aprili 2023 wakazi wa jiji hilo walipigia kura skuta za kukodi. Karibu tisa kati ya kila kumi waliopiga kura walizikataa, ingawa waliojitokeza walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi ya wapiga kura, na kufikia mwanzoni mwa Septemba mwaka huo zikawa zimeondolewa. Skuta ambazo watu wamenunua wenyewe hazikuguswa na kura ile. Kwa hiyo mteja akituambia kwamba "Paris wamekataza skuta", tunamrekebisha, lakini pia tunamwomba asikilize malalamiko yaliyowafikisha watu pale: skuta zilizotupwa katikati ya njia za miguu, watu wawili juu ya kibao kimoja, vijana wanaopenya katikati ya kina mama wenye vigari vya watoto. Chombo kinachoendeshwa hivyo hakiwezi kutetewa na muuzaji wala na mtu mwingine.

Msimamo wetu kuhusu njia ya waenda kwa miguu ni mmoja: usipite humo, hata pale ambapo hakuna askari. Chukua hesabu hii. Mtu anatembea kilomita tano kwa saa, yaani chini ya mita moja na nusu kwa sekunde. Skuta ya kilomita 25 kwa saa inakwenda karibu mita saba kwa sekunde. Ukihitaji sekunde moja tu ya kushtuka na kukumbuka breki, umeshakula mita saba kabla gurudumu halijaanza kupunguza mwendo. Mtoto anayekengeuka kufuata mpira hahitaji mita saba. Mzee anayetoka mlangoni hazihitaji pia, na kwa mzee, kuanguka mara moja na kuvunjika nyonga kunaweza kuwa mwisho wa kutembea kwake.

Asiyeona yuko kwenye hali ngumu zaidi. Yeye huisoma njia kwa fimbo nyeupe na kwa masikio. Mota ya skuta karibu haina sauti, kwa hiyo masikio hayamsaidii. Na skuta iliyoegeshwa ikikatiza njia, fimbo inaweza kupita chini ya kibao au pembeni ya mpini bila kugusa kitu, ikamwambia kuwa njia ni nyeupe, halafu usukani ukamkuta tumboni. Ukiegesha, iweke mahali ulipopangwa uegeshaji, au ibane ukutani usukani ukiwa umeelekea ukutani, au ikunje uingie nayo ndani. Kukunja kunachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Barabara nayo ina hatari zake, na safari hii anayebeba hatari ni wewe. Gurudumu la skuta nyingi lina kipenyo cha inchi 8 na nusu au 10, wakati la baiskeli ya kawaida ni inchi 26 hadi 28. Shimo ambalo baiskeli inalivuka kwa mtikisiko linaweza kulimeza gurudumu la skuta na kulisimamisha papo hapo. Wewe umesimama wima, uzito wako mwingi uko juu sana kuliko gurudumu, kwa hiyo gurudumu likisimama mwili unaendelea mbele. Reli za tramu, zile treni zinazopita mitaani, ni hatari kwa sababu hiyohiyo. Zivuke ukiwa umezikata, karibu na pembe mraba, usizifuate kwa mshazari.

Kuna pia suala la mkono. Mwendesha baiskeli huonyesha kwa mkono kwamba anakata kona. Kwenye skuta, ukiachia mkono mmoja usukani unaanza kuyumba, kwa sababu ni mwembamba na gurudumu ni dogo. Ndiyo maana tunapendekeza skuta zenye indiketa kwenye ncha za vishikio, na kwa wenye skuta za zamani tunafunga indiketa za nyongeza. Sheria ikikuruhusu kuingia barabarani, sisi tungekuambia ubaki kwenye mitaa ambayo magari yanatakiwa kwenda kilomita 30 kwa saa au pungufu. Barabara ambayo magari yanakwenda 50 na kuendelea, bila njia ya pembeni, si ya skuta. Tafuta njia ya kuzunguka, hata ikikuongezea muda.

Inabaki njia ya baiskeli, na kwa maoni yetu ndipo mahali pake. Mwendo wa skuta ya kilomita 20 au 25 unakaribiana na wa baiskeli, ukubwa wake pia. Lakini waendesha baiskeli wana malalamiko ambayo tunayakubali. Njia hizo nyingi ni nyembamba. Zilipatikana baada ya miaka ya kudai, na sasa wanaona zinajaa vyombo vinavyowapita kimya kimya kwa karibu. Piga kengele kabla ya kupita, pita upande unaotakiwa, rudi kwenye mstari wako. Usisimame katikati ya njia kutazama simu. Na usipande ukiwa umekunywa. Norwei, kwa mfano, tangu 2022 inampima mwendesha skuta kwa kiwango kilekile cha pombe cha dereva wa gari.

Malalamiko makubwa kuliko yote ya waendesha baiskeli yanahusu skuta zilizofunguliwa spidi, na hapa tunasema wazi: kazi hiyo hatuifanyi. Tunaombwa mara kwa mara. Programu za kubadilisha kikomo cha mwendo zinapatikana na kwa baadhi ya skuta ni kazi ya dakika chache. Tunakataa kwa sababu ya fizikia kwanza. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 25 hadi 50 kwa saa, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne, na umbali wa kufunga breki unarefuka vivyo hivyo. Breki, kiungo cha kukunjia na tairi vilitengenezwa kwa 25. Sababu ya pili ni ya mfukoni. Katika nchi zinazoidhinisha kila aina ya skuta, ile iliyofunguliwa inapoteza idhini, na kampuni ya bima inaweza kukuachia wewe mzigo wa kumlipa uliyemgonga.

Tukirudi kwenye kazi tunazozifanya, kubwa ni ukaguzi wa usalama, na sehemu tunayoianza nayo ni kiungo cha kukunjia. Ndicho kinachobeba mzigo wote unaposhika breki, na ndicho kinachosahaulika. Unaweza kukipima mwenyewe sasa hivi. Funga klipu, bana gurudumu la mbele katikati ya miguu yako, kisha sukuma usukani mbele na uuvute nyuma. Ukihisi unacheza kidogo, au ukisikia kitu kinagonga "ko, ko" pale chini, pini au skrubu zimelegea. Ulegevu huo hauishii hapo ulipo. Kila breki inaupanua.

Baada ya hapo tunaangalia breki. Skuta nyingi zina breki ya diski au ya ngoma, inayovutwa kwa waya, upande mmoja na breki ya umeme upande mwingine, ambayo hugeuza mwendo kuwa chaji ya betri. Wengi hawajui kwamba betri ikiwa imejaa kabisa, breki ya umeme katika skuta nyingi hudhoofika, kwa kuwa ile chaji haina pa kwenda. Kama nyumba yako iko juu ya mlima na unatoka asubuhi betri ikiwa asilimia mia, breki ya waya ndiyo inayokubeba, na waya uliolegea utakuangusha. Ukifunga breki, rudisha makalio nyuma na ukunje magoti. Tairi za upepo tunazijaza kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake; tairi laini hupasuka kwenye ukingo wa shimo na hula betri bure.

Betri tunaifungua pale tu penye sababu. Chaja ndiyo tunayoisisitiza. Betri ya volti 36 huchajiwa hadi volti 42, ya volti 48 hufika karibu 54 na nusu, na plagi zake zinaweza kufanana kabisa. Chaja ya kuazima inayoingia kwenye tundu haimaanishi kwamba inafaa. Moto wa betri za lithiamu ndio uliofanya skuta za watu binafsi zikatazwe kwenye treni na mabasi ya London Desemba 2021, na Barcelona ikafuata Februari 2023. Usichaji mlangoni pa kutokea, na betri iliyovimba, iliyogongwa au iliyoingia maji isichajiwe tena hadi ikaguliwe.

Kwa anayetaka kununua: njoo na njia yako. Tuambie unatoka wapi, unafika wapi, na utapita nini katikati. Tutaiangalia pamoja kwenye ramani, kipande kwa kipande, na kuilinganisha na sheria ya mahali hapo. Ikionekana nusu ya safari ni njia ya miguu au barabara ya magari ya kasi, tutakushauri uchukue baiskeli au uache pesa yako mfukoni. Na kwa aliyejaribu kile kipimo cha usukani akausikia unagonga: usiipande hadi kwetu. Ikunje uibebe, au uisukume kwa mkono.