Wanawake wa Kilatino si mayaya tu

Mhariri,

Filamu za Marekani zimemzoesha mtazamaji wanawake wa Kilatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wa aina mbili: mtumishi wa ndani, na mrembo mwepesi wa hasira. Mwigizaji Lupe Ontiveros, mzaliwa wa Texas na msomi wa chuo kikuu, alikadiria kuwa aliigiza mtumishi mara 150 hivi. Kiingereza chake kilikuwa safi, lakini waliochagua waigizaji walitaka lafudhi nzito.

Inaumiza zaidi dhana hiyo inapovuka skrini na kuingia katika maisha halisi. Mwaka 2009 Sonia Sotomayor, Mmarekani wa asili ya Puerto Rico na jaji wa shirikisho tangu 1992, alipohojiwa na Seneti baada ya kuteuliwa kuingia Mahakama ya Juu ya Marekani, alisomewa maoni ya mawakili wasiotajwa majina kuhusu ukali wake mahakamani.

Waandishi wa filamu waanze na kazi na tabia ya mhusika. Lafudhi iingie hadithi ikiihitaji.

Msomaji, Dar es Salaam