YAH: Malalamiko ya bendi kukatiwa umeme na kudhalilishwa jukwaani

Kwa Meneja Mkuu wa Ukumbi,

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni kiongozi wa bendi ya kopi (inayopiga nyimbo za wanamuziki wengine) mliyoikodi kwa karamu ya harusi ya Jumamosi iliyopita. Mkataba mnao na taratibu zenu mnazijua, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Maharusi walikuwa wamefungua dansi. Tulikuwa ubeti wa pili wa wimbo waliouchagua wenyewe, mpiga ngoma akitumia brashi badala ya fimbo, mwimbaji akiimba kwa sauti ya chini kabisa. Bwana harusi akamzungusha mkewe, wageni wakalipuka kwa makofi na vifijo, na hapo hapo jukwaa zima likazima. Kabla hatujageukiana, msimamizi wenu wa zamu alishapanda na kipaza sauti cha ukumbi, ambacho chenyewe hakikuzimika, akatangaza: "Samahanini wageni wetu, bendi imeshindwa kazi, sasa tuburudike na DJ."

Bendi imeshindwa kazi! Kilichokata umeme ni kile kidhibiti sauti chenu kilichofungwa ukutani, na yeye analijua hilo kwa sababu alisimama chini yake akitazama taa nyekundu ikiwaka. Fundi wenu alituambia kimewekwa kikate umeme kelele zikivuka desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ngoma za kawaida zikipigwa kwa fimbo, bila spika hata moja, zinafika 100 bila shida. Ndiyo maana tulikuja na brashi, tukapunguza kila kitu, na wakati wa kupima sauti taa haikuvuka manjano. Lakini kifaa hicho hakina akili ya kutenganisha bendi na wageni. Kinasikia kelele tu, kisha kinakata soketi za jukwaa. Mmeandika kwenye kipeperushi chenu kwamba "bendi kamili inakaribishwa". Inakaribishwa ije ifanye nini, kama wageni hawaruhusiwi kushangilia?

Kisha umeme ukarudishwa bila kuulizwa mtu. Fundi yeyote wa mitambo anajua amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza. Vyote vikirudi kwa mpigo, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) inapoamka hutuma kishindo moja kwa moja kwenye spika. Twita (sehemu zinazotoa sauti nyembamba) za spika zetu mbili zimeungua. Kinanda nacho tangu siku hiyo kinajizima kikitaka.

Naomba nirudi pale jukwaani, kwa sababu katika simu yenu mlisema ni "hitilafu ndogo ya kiufundi". Hitilafu haina mdomo. Yule bwana alimsukuma mwimbaji wetu kwa kiwiko ili apate nafasi katikati, akasema bendi imeshindwa kazi, na akacheka. Alicheka, Ndugu Meneja. Bibi harusi alikuwa bado amemshika mumewe mabega, anatuangalia sisi, si yeye, maana ndivyo alivyoambiwa: sisi ndio tuliomharibia. Mwimbaji wetu alibaki amesimama na kipaza sauti kilichokufa mkononi hadi mpiga besi alipomshusha. Mchana wa siku hiyo hiyo msimamizi huyo alitupitisha mlango wa takataka na vyombo vyetu vyote, tukanyamaza. Kumbe lilikuwa dokezo.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka mambo mawili tu: barua ya kutuomba radhi, na nakala yake kwa maharusi ikieleza kilichokata umeme ni nini. Hayo bado nayataka. Ila mhasibu wenu ametuandikia kwamba malipo yaliyobaki yamezuiwa "kwa kuwa bendi haikukamilisha awamu zake". Mnatuzimia umeme, mnatushusha, halafu mnatukata kwa kutopiga? Basi nataka malipo yote kamili, gharama za twita na za kinanda kwa risiti ya fundi, na msimamizi huyo aje amwombe radhi mwimbaji wetu ana kwa ana, mbele ya bendi nzima.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Baada ya kuisoma tena barua ya mhasibu, nawapa siku 7 tangu mpokee hii. Zikipita, suala litakwenda kwa wakili pamoja na video, kwa sababu wageni walikuwa wanarekodi dansi hiyo na sauti ya mtu wenu inasikika vizuri sana, kicheko na vyote. Maharusi wameshatupatia nakala, na wamesema wako tayari kutoa ushahidi. Bendi nyingine zinazopiga ukumbini kwenu nitazipelekea video hiyo mwenyewe.

Natanguliza shukrani kwa ushirikiano wenu.

Wenu,
Kiongozi wa bendi

Nakala: Maharusi, Mhasibu wa Ukumbi