Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: Mlituambia tuwahi, tumewahi, tumekuta kufuli

Kwako Mganga Mkuu wa Wilaya yetu,

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Diwani wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji.

YAH: HOMA YA MAFUA NA NYUMBA YA MUUGUZI ISIYOPAULIWA

Mheshimiwa Daktari, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Naandika kutoka huku juu, milima ya Uporoto, upande wa barabara inayopanda kutoka Isyonje kwenda Kitulo. Jina la kijiji sihitaji kulitaja. Umeshafika kwetu, ukasaini kitabu cha wageni, ukahutubia mkutano wa hadhara. Barua za kawaida tulishakuandikia kupitia ofisi ya kijiji, zikagongwa muhuri na kupelekwa. Hii nimeamua isomwe na watu wote kwa sababu Jumamosi tumezika tena.

Tuliyemzika ni mzee jirani yangu. Alianza kwa mafua na kikohozi, kama ilivyo nusu ya kijiji hivi sasa. Siku ya tatu akashindwa kula. Usiku wa Alhamisi pumzi zikambana, vijana wakambeba kwa machela ya miti mpaka zahanati, wakakuta kufuli. Wakagonga, wakaita, wakapiga simu ya muuguzi. Mzee alikata roho barazani pa zahanati, akiwa amefunikwa blanketi la mwanawe. Simsemi muuguzi kwamba ndiye aliyemuua. Nasema kufuli lilikuwepo, na sababu ya kufuli hilo unaijua, maana ulisimama mbele yake mchana kweupe ukatuahidi bati.

Mwezi uliopita gari la matangazo lilipita kijiji kwa kijiji. Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Ziba mdomo kwa kiwiko unapokohoa. Epuka msongamano. Ukiona dalili za hatari wahi kituo cha kutolea huduma, ukiwa na swali piga 199 bure. Nayakubali maneno yote hayo, na watu wameyafuata. Ndoo za kunawia tulizoziona mara ya mwisho mwaka 2020 zimerudi mbele ya maduka. Kanisani tumeacha kushikana mikono. Waliopata mtandao walipiga 199, wakapokelewa vizuri, wakaambiwa lile lile: wahini kituo. Daktari, tunawahi. Kituo chetu hufungwa saa tisa na nusu alasiri.

Muuguzi wetu akifunga hupanda bodaboda, akateremka mpaka sokoni kwenye lami alikopanga chumba. Zahanati ina watumishi wawili kwenye karatasi, yeye na tabibu, na tabibu yuko masomoni. Huyu dada ametuzalisha sisi na binti zetu peke yake, amechanja watoto, amefanya usafi, ameandika ripoti zenu. Tunamwambia ndaga fijo, yaani asante sana, kila tunapomwona. Lakini hawezi kulala chini ya ukuta usio na paa.

Naomba niieleze nyumba hiyo, kwa sababu wapo watakaosoma barua hii wakadhani wananchi tumekaa tukisubiri Serikali ifanye kila kitu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi. Kila kaya ilitoa mchango wa fedha, na asiyekuwa na fedha alitoa nguvu. Wanaume walipasua mawe ya msingi. Wanawake tulibeba mchanga na maji kutoka bondeni, wengine na mimba zao. Tofali tulichoma wenyewe. Mafundi wa kijiji walikubali nusu ya ujira. Tukafika lenta, tukasimama, kwa sababu utaratibu tulioelezwa na Halmashauri ulikuwa huo: wananchi wanyanyue boma, Halmashauri ipaue na kumalizia. Ukaja na msafara, ukalikagua, ukatusifu. Ukatamka kwa mdomo wako kwamba bati zitafika kabla ya mvua. Mvua zimekuja, zimeondoka, zimekuja tena. Kuta zimeota kuvu. Tofali za juu zimeanza kumung'unyuka. Mbuzi wanalala mle ndani, muuguzi analala sokoni.

Nadhani fedha ya kupaua ilipangwa, kisha ikahamishiwa kwenye jambo lililoonekana la haraka zaidi. Hakuna aliyetuambia hivyo. Ndivyo tunavyofikiri, kwa sababu hatujajibiwa. Kama tumekosea, tujibuni. Ushuru wa mazao tunalipa kila gunia la viazi linapopita kwenye geti, na risiti tunazo.

Kuna watu, hata ofisini kwenu labda, wanaosema mafua ni mafua tu, watu wanywe tangawizi na limau, wajifukize, watapona. Mafua ya kawaida ndiyo. Homa ya mafua inayoletwa na virusi vya influenza ni jambo jingine, na wewe unalijua kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani hufa kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana nayo, na hiyo ni miaka isiyo na mlipuko mkubwa. Wengi hupona, kweli. Wanaoelemewa ni wale wale: watoto wadogo, wajawazito, wazee, wenye pumu, wenye magonjwa ya moyo, na wenye kinga dhaifu. Kwao virusi hufungua njia, nimonia inaingia.

Na huku kwetu wenye kinga dhaifu si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 hapa Mbeya. Hakuna mtaalamu wa afya wa Nyanda za Juu Kusini asiyejua kwamba Juni na Julai baridi inashuka, watu wanalala chumba kimoja na moto wa kuni, madirisha yamezibwa kwa magunia. Nadhani safari hii mafua yaliletwa na wanafunzi waliorudi likizo kutoka mabwenini, au na wanunuzi wa viazi wanaolala hapa wakisubiri mzigo. Vyovyote yalivyoingia, msimu wa baridi haujawahi kuja ghafla. Maandalizi yalikuwa na miezi yote ya mvua.

Mchana penyewe, mgonjwa akifika na homa anapimwa malaria, kipimo kinatoka hasi, anapewa parasetamo kama ipo, anarudi nyumbani. Ikiwa haipo anakwenda duka la dawa muhimu, anauziwa vidonge vichache vya antibiotiki kwa kadiri ya hela aliyonayo, ingawa antibiotiki haiui virusi na nusu dozi inawafundisha bakteria usugu. Nimesoma kwamba ipo dawa ya virusi vyenyewe, oseltamivir, na kwamba hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Siiombi hata hiyo leo. Kaya yangu ililipa CHF iliyoboreshwa, ule Mfuko wa Afya ya Jamii, shilingi 30,000 kwa watu 6, nikaona kadi nzuri yenye picha. Usiku kadi ile haina wa kuipokea.

Sasa niseme langu. Kitinda mimba wangu ana miezi 9. Wiki chache kabla ya mzee kufariki, aliugua. Muuguzi aliwahi kutufundisha kliniki jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika moja nzima: mwenye miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akifika 40, hiyo ni haraka kupita kiasi, na kifua kikiwa kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, usingoje. Nilihesabu kwa simu. Zilipita 60. Kifua kilikuwa kinabonyea. Nilifanya kila mlichonifundisha, Daktari. Sikungoja.

Nilipiga 115, namba ya m-mama. Yule dada aliyepokea alinisikiliza kwa upole, akanieleza kwamba usafiri ule ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mwanangu wa miezi 9 ameshapita umri. Gari la wagonjwa la kituo cha afya lilikuwa gereji. Bodaboda alikataa kushuka mlima kwa ukungu ule, na sikumlaumu. Tulipata fuso lililokuwa linapakia viazi usiku kwa ajili ya safari ya Dar es Salaam. Dereva, Mungu ambariki, aliacha kupakia, akatuweka mbele na mume wangu akapanda juu ya magunia. Kituo cha afya tulichofikia kwanza kina mashine ya oksijeni. Umeme ulikuwa umekatika na jenereta haikuwa na dizeli. Wakambana mtoto kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, nikaiona namba iko chini ya 90, nikaona na uso wa mhudumu ulivyobadilika. Tukaendelea mpaka Mbeya mjini. Kule walimwokoa.

Amepona, ninamshukuru Mungu na waliomhudumia. Lakini viazi vyangu niliviuza vikiwa bado ardhini, kwa bei aliyoitaka mnunuzi, kwa sababu mtu mwenye mgonjwa hospitalini habishani bei. Mbegu ya msimu ujao ilikuwa humo. Ada ya mkubwa wake ilikuwa humo. Mume wangu sasa anapasua mbao Mufindi ili turudishe tulichokopa. Hizi zote ni gharama za nyumba moja isiyo na bati, na nimeongelea kaya moja tu.

Wazee wetu huku Rungwe na Uporoto walisimuliwa habari za mafua ya mwaka 1918, yaliyokuja wakati vita ya Wazungu imekwisha kuwachosha watu na kumaliza chakula. Duniani kote ugonjwa ule uliwaua sana vijana wenye nguvu, na Rungwe mwaka uliofuata njaa ikabisha hodi. Nalitaja hilo kwa sababu ugonjwa huu nao umekuja wakati wa kuvuna viazi na kuandaa mashamba, na wanaolala vitandani ni walimaji. Mwaka ule hapakuwa na zahanati. Sasa ipo, yenye rangi nyeupe na bango, tena Sera ya Afya ya mwaka 2007 na MMAM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, vilisema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Mzee aliyekata roho Alhamisi alikuwa na zaidi ya miaka 60. Kwa sera hiyo hiyo, mzee asiye na uwezo anatibiwa bure. Alikuwa na haki zote hizo mkononi, barazani.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikasema watafikia 137,294 ndani ya miaka 5. Kijijini kwetu tunawasubiri wetu kwa hamu. Wakija wapewe saa ya kuhesabia pumzi na kile kifaa cha kidoleni. Ila hata wakija leo jioni, watamhesabia mtoto pumzi usiku, waone ni 60, kisha wamlete kwenye kufuli lile lile.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Daktari, nilikuwa na orodha ndefu. Dizeli ya jenereta. Gari litoke gereji. Namba 115 ichukue na watoto walio chini ya miaka 5. Dawa zisiishe katikati ya mwezi. Yote hayo ni ya kweli na ninayaomba. Lakini nimekaa na wenzangu wa kamati tukakubaliana nikuombe jambo moja, ili usije ukasema maombi yalikuwa mengi.

Paueni nyumba ya muuguzi.

Tunaomba bati, mbao na misumari. Mafundi tunao, na wamesema safari hii hawatadai ujira. Vijana wa kubeba wapo. Tukipata vifaa asubuhi, jioni kenchi zitakuwa zimesimama. Na wakati bati zinatafutwa, kile chumba cha stoo cha zahanati kina nafasi ya kitanda: tuletee muuguzi wa pili wa muda mpaka Agosti iishe, wapokezane, mmoja mchana na mmoja usiku, maana mtu mmoja hawezi kukesha kila siku. Kuni, ulinzi na chakula chake tutatoa sisi. Tumeshaandikana zamu.

Usitume tena gari la matangazo kabla ya bati. Tukisikia kile kipaza sauti kinatuambia tuwahi kituo, wapo watu hapa watakaolia barabarani.

Kamati ya ujenzi inakutana kila Jumanne saa nne asubuhi, ofisi ya kijiji. Njoo mwenyewe, au mtume mtu, ila aje na tarehe ya bati iliyoandikwa na kusainiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama mkulima wa viazi,
Mjumbe wa kamati ya ujenzi ya kijiji,
Uporoto.