Taa hazina miguu

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia asubuhi likivuka mpaka kutoka upande wa Kenya, na kwangu halisomwi na mtu mmoja. Nina kibanda cha video hapa Busia, upande wa Uganda: mchana sinema, jioni mpira. Gazeti hukaa kwenye meza ya kiingilio, na kila anayepita hulifungulia nyuma, kwenye vioja vya michezo, habari za mastaa na maajabu ya teknolojia. Kurasa za siasa hufika jioni bado zimenyooka. Kwa hiyo nikilalamika juu ya ukurasa ule wa nyuma, nawasemea wengi, wakiwemo wanaosoma bila kulipa.

Kinachotuudhi ni ufupi. Mwaka huu mmeupunguza ukurasa mpaka umekuwa vipande vya mistari mitatu mitatu. Kimoja kilisema mwanariadha wetu Joshua Cheptegei alivunja rekodi za dunia akisaidiwa na taa. Basi. Taa gani, zimewekwa wapi, zinafanya nini, hakuna. Kipande hicho kilinivurugia jioni nzima. Kijana mmoja wa boda boda alisimama mbele ya skrini, mpira unaendelea, akatangaza kwamba Cheptegei alibebwa. Kuna mzee mstaafu wa jeshi ambaye sote tunamwita Afande. Akamuuliza, "Wewe mtoto, taa zina miguu?" Kijana akajibu kwa adabu, "Afande, mimi sijui, lakini gazeti limeandika." Waliokuja kutazama mpira wakaanza kudai pesa zao.

Mliyoyaacha naomba niyaseme mimi. Mtambo huo unaitwa Wavelight. Ni msururu wa taa ndogo za LED zilizopangwa kwenye ukingo wa ndani wa njia ya kwanza, kuuzunguka uwanja wote. Kompyuta inapewa muda unaowindwa, kisha taa zinawaka na kuzima kwa kufuatana, hata macho yanaona mwanga mmoja ukikimbia chini. Kwa rekodi aliyoiwinda Cheptegei katika mita 5000, mwanga huo unatakiwa umalize kila mzunguko wa mita 400 kwa sekunde 60 na ushee, na mizunguko ni 12 na nusu. Haumsukumi mtu wala haumkingi upepo. Unamwonyesha tu kama amechelewa au amezidisha. Kazi hiyo tangu zamani hufanywa na wakimbiaji wanaolipwa kuongoza kasi, na hata siku ile ya Monaco, 14 Agosti 2020, walikuwepo. Walipotoka, karibu nusu ya mbio ilikuwa imebaki, na Cheptegei akaimaliza peke yake kwa 12:35.36. Rekodi ya Kenenisa Bekele, mkimbiaji wa Ethiopia, 12:37.35, ilikuwa imekaa tangu 2004. Tarehe 7 Oktoba mwaka ule ule, kule Valencia, akaikata na ile ya Bekele ya mita 10,000, kwa 26:11.00. Usiku huo huo, katika uwanja huo huo, Letesenbet Gidey wa Ethiopia naye akavunja rekodi ya wanawake ya mita 5000.

Sasa, yule kijana si mjinga. Bekele alikimbia bila taa, na mtu ana haki ya kuuliza kama mizani ni moja. Swali hilo mngelipa nafasi tungebishana vizuri. Mimi ninavyoona, taa zinamwokoa mkimbiaji na pupa yake. Mnakumbuka mbio za nyika za dunia zilizofanyika Kololo, Kampala, Machi 2017? Cheptegei alikuwa mbele, nyumbani, umati wote umesimama. Akavuta, akazidi kuvuta. Kwenye mzunguko wa mwisho miguu ikagoma kabisa, akawa anayumba kama mtu aliyebeba gunia la mahindi. Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita akaenda kushinda, kisha wakampita wengine na wengine, mpaka akamaliza wa 30. Video ya dakika zile bado inazunguka kwenye simu za watu, na wanaoituma huweka vikatuni vya kucheka. Basi kazi ya taa ni hiyo: kumzuia mtu asijifanyie Kololo. Lakini pumzi anakuja nayo mwenyewe. Kwenye Olimpiki taa hizo hazitumiki, na Agosti 2024 kule Paris Cheptegei alichukua dhahabu ya mita 10,000 kwa 26:43.14, akaifuta rekodi ya Olimpiki ya Bekele ya mwaka 2008. Nilipomsomea kijana hayo alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na viatu je, vilikuwa kama vya Bekele?" Hilo nalo liandikeni.

Afande hapendi habari za taa. Yeye ukimtajia riadha anakurudisha Munich 1972, mita 400 za kuruka viunzi, John Akii-Bua. Nimemsikia akisimulia hadi wateja wa kawaida wanamsaidia kumalizia sentensi. Lakini nakiri jambo lenyewe ni kioja cha haki. Akii-Bua, askari polisi kutoka eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, alipangiwa njia ya kwanza, ambayo kona zake ndizo zimebana kuliko zote, na mruka viunzi akiwa kwenye mwendo kona kama hiyo inamvuruga hatua. Kwa sababu wa njia za nje huanzia mbele, alianza mbio akiwaona wenzake wote wako mbele yake. David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa na rekodi ya dunia, alikuwemo. Akamaliza wa tatu. Akii-Bua alimaliza kwa 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki. Vijana wengi kibandani walikuwa hawajui kabisa habari ya njia ya kwanza. Jina walilijua, la uwanja na la mtaa.

Kuhusu mastaa nina neno jingine. Sisi wa Uganda tumewahi kutozwa kodi kwa ajili ya umbea, si mzaha. Machi 2018 Rais Museveni aliiandikia Wizara ya Fedha akilalamikia umbea wa mitandaoni, na kuanzia 1 Julai mwaka huo kila aliyetaka kuingia WhatsApp, Facebook au Twitter alilipa shilingi 200 kwa siku. Watu wakakimbilia VPN, programu ya simu ya kuikwepa kodi hiyo. Mama wa chapati jirani yangu, ambaye hadi leo huniletea simu nimwekee kengele ya kumwamsha, VPN aliiweka mwenyewe. Mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 kwenye data. Umbea haukupungua hata kidogo.

Maana yake ni kwamba uvumi unanifikia kwenye simu usiku, nyinyi mnaniletea ule ule asubuhi na neno "inasemekana" mbele yake. Msanii anauawa kwenye mitandao Jumatatu, gazeti linamzika Jumanne, Alhamisi yuko jukwaani anaimba. Simu mnayo. Mpigieni meneja wake kabla ya kupiga chapa. Nafasi itakayobaki tupeni yale ambayo simu haitupi. Mwaka 2023 watoto wetu wa Ghetto Kids walipocheza kwenye Britain's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni ya Uingereza, jaji Bruno Tonioli alibonyeza kitufe cha dhahabu kabla hawajamaliza kucheza, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwenye shindano lile. Hapa kibandani kila mtu aliiona klipu. Hakuna aliyejua kitufe kinafanya nini. Nikaulizwa mimi, eti kwa kuwa ndiye mwenye skrini. Kinampeleka mshiriki moja kwa moja nusu fainali. Mstari mmoja tu ungetosha.

Na teknolojia si roboti za Japani peke yake. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana anatengeneza sinema za mapigano kwa kompyuta alizojiundia mwenyewe, na silaha za vyuma chakavu, na dunia nzima inazitazama. Wateja wangu wanaopenda sinema zinazosimuliwa na DJ Afro wa Kenya na wale wanaopenda za VJ Jingo wa Uganda hugombana kila wiki, lakini kwa Nabwana wote hukaa benchi moja. Tumeni mwandishi akaangalie ile kazi inavyofanyika, arudi na ukurasa mzima.

Najua mtasema nafasi ni ndogo na karatasi ni ghali. Toeni safu ya nyota. Mimi ni Mizani, na tangu nianze kulinunua gazeti hili naahidiwa safari ya ng'ambo. Ng'ambo yenyewe naivuka kila nikiishiwa mafuta ya jenereta.

Mwenye kibanda cha video,
Busia, Uganda