Vumbi la Machimbo: Tunayokagua Kabla Jiwe la Kwanza Halijapasuliwa

Wateja wengi wanaotarajia kufungua machimbo ya mawe ya chokaa hapa Tanga hutuuliza kwanza nyumba iliyo jirani inapaswa kuwa umbali gani. Swali hilo ni la msingi, ila halijitoshelezi. Chembe kubwa za vumbi, zinazozidi mikromita 30 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), nyingi hutua ndani ya mita 100 hivi kutoka zilipotimuliwa, ilhali zile zisizofika mikromita 10, ambazo ndizo huingia mapafuni, zinaweza kufika kilomita moja na kuendelea.

Kwa sababu hiyo, tunaanza na upepo. Kaskazi, unaovuma takribani Desemba hadi Machi, hulisukuma vumbi kuelekea kusini-magharibi, nao kusi wa katikati ya mwaka hulipeleka kaskazini-magharibi, hivyo vitongoji vilivyo magharibi mwa machimbo ndivyo hubeba mzigo mkubwa. Kwa maoni yetu, Januari na Februari ndiyo miezi ya kuhofiwa zaidi, kwani vuli imekwisha, masika hayajaanza na ardhi imekauka. Hata hivyo, walio upande wa bahari wasisahauliwe, maana umande, yaani upepo mwanana wa alfajiri, hutoka bara kuelekea baharini.

Baada ya hapo tunatembea. Tunaangalia nani anavuna maji ya mvua kwa mabati, nani anaanika makopa au dagaa, shule iko wapi, na mkonge au michungwa imepandwa upande gani. Kwenye njia ya malori tunapitisha kidole juu ya majani: yakiwa na unga tayari, eneo hilo lina vumbi lake hata kabla ya mradi, na ni lazima lipimwe mapema kwa vyombo vya kukusanyia vumbi linalotua, la sivyo malalamiko yatakapokuja hapatakuwa na njia ya kutenganisha vumbi la machimbo na la barabara.

Barabara yenyewe ndiyo hupuuzwa kuliko vyote. Mlipuko wa baruti huogopwa kwa kishindo chake, lakini hupita kwa dakika chache, wakati malori yanatimua vumbi kutwa nzima. Mara nyingi kubadili njia, kupunguza mwendo, kumwagilia maji na kufunika mzigo kwa turubai huleta nafuu kubwa kuliko kusogeza krasha, yaani mashine ya kusaga mawe.

Matokeo ya ukaguzi huu huingizwa katika Tathmini ya Athari kwa Mazingira, inayotakiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kusimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira.

Unapotuita, tuandalie ramani ya mipaka, mahali krasha itakapowekwa na njia ya malori hadi barabara kuu. Tungependa pia ziara ya kwanza isifanyike wakati wa masika, kwa kuwa mvua huosha majani na eneo lolote huonekana safi.