Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: tuwekeeni karatasi za vituo hadharani

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia wakati ambao hakuna kampeni, hakuna bendera juu ya minazi na hakuna gari la matangazo linalopita mitaani. Nimefanya hivyo makusudi. Barua kama hii ikiandikwa mwezi mmoja kabla ya kupiga kura husomwa kama waraka wa chama, na anayeipokea huangalia kwanza jina la mwandishi na sehemu anayotoka kabla hajafika mstari wa pili. Sasa 2030 bado iko mbali, na ninachokiomba hakimbebi mgombea yeyote kwa kuwa wagombea wenyewe hatujawajua.

Ombi langu ni hili. Tume iweke hadharani fomu ya matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, Unguja na Pemba. Nakusudia karatasi yenyewe iliyojazwa kituoni na kutiwa saini na msimamizi na mawakala, ipigwe picha na ionekane usiku ule ule. Jumla ya jimbo haitoshi, wala jaduweli lililochapwa upya ofisini. Tukishaiona karatasi, hesabu tutajifanyia wenyewe.

Ukitaka kujua kwa nini naliona jambo hili ni kubwa, tazama udogo wetu. Nchi kubwa ikikosea kura elfu mbili, kosa linamezwa na mamilioni. Kwetu elfu mbili ni urais. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa kura 165,271 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani, akapewa 163,706. Toa moja katika nyengine, zinabaki 1,565. Hao ni watu wa vituo vichache tu, ambao ungeweza kuwaita uwanjani asubuhi na ukamaliza kuwahesabu kabla ya adhuhuri. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alipata 179,809 dhidi ya 176,338 za Maalim Seif, tofauti ya 3,471. Rudi nyuma zaidi, Januari 1961: viti vilikuwa 22, chama cha Afro-Shirazi kikapata 10, ZNP (Hizbu) 9 na ZPPP, chama cha tatu, 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, pande mbili zikawa sawa kwa sawa, ikabidi turudi kwenye masanduku Juni ya mwaka ule ule, na ghasia zilizofuata ziliua watu 68.

Basi mahali ambapo kura moja imewahi kuamua kiti na vituo vichache vimewahi kutosha kuamua nani aingie Ikulu, karatasi ya kituo ndiyo uchaguzi wenyewe. Tamko linalosomwa baadaye mbele ya kamera ni muhtasari wake tu.

Sasa nije kwenye mwaka ambao kila mtu akiutaja huteremsha sauti. Tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa wakati huo, marehemu Jecha Salim Jecha, Mungu amrehemu, alitangaza kwenye televisheni kwamba uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Matokeo ya urais yalikwishatangazwa kwa majimbo 31 kati ya 54. Wawakilishi na madiwani walikwishakabidhiwa vyeti vya ushindi. Katiba yetu, kifungu cha 119(10), inataka mkutano wa Tume uwe na Mwenyekiti au Makamo wake pamoja na wajumbe wanne, na kila uamuzi uungwe mkono na walio wengi. Baadhi ya wajumbe wake walisema hadharani kwamba hawakushirikishwa. Na katika uchaguzi wa Muungano uliofanyika siku ile ile ya 25 Oktoba, ukipigwa kura kwa sehemu kubwa na watu wale wale, hakuna kilichofutwa: Dk. John Magufuli alitangazwa mshindi 29 Oktoba, kura za Zanzibar zikiwa ndani ya hesabu.

Sirudii haya kwa kutaka kumhukumu aliyekwisha kufa, ingawa sitajifanya sikumwona mwaka 2020 akichukua fomu ndani ya CCM kuomba kuteuliwa kugombea urais wa Zanzibar. Nayarudia kwa sababu ya hoja moja aliyoitoa. Alisema vipo vituo, hasa Pemba, ambavyo kura zilizopigwa zilizidi idadi ya walioandikishwa. Hiyo si hoja ndogo. Ikiwa ni kweli, ni wizi. Lakini ni vituo gani? Kila kituo kina jina na nambari, kina idadi ya walioandikishwa, kina kura halali na zilizoharibika, na vyote hivyo vimo katika karatasi moja. Maalim Seif, mgombea wa CUF, naye alikwishajitangazia ushindi siku mbili kabla ya kufutwa, akisema anazo hesabu kutoka kwa mawakala wake. Tume inazo karatasi, vyama vinazo karatasi, na kila mmoja anatangaza kinyume cha mwenzake. Asiyekuwa nazo ni mwananchi peke yake, naye ndiye aliyepiga kura.

Hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini, Mheshimiwa, kwa sababu wengi hudhani ombi la kuweka fomu hadharani ni silaha ya wapinzani. Mimi naliona kuwa ni kinga ya Tume. Mwenyekiti ambaye karatasi zake ziko wazi hahitaji kufuta nchi nzima. Anasema: kituo fulani cha jimbo fulani kina kasoro, itazameni, kitarudiwa. Mwaka 2000 angalau uchaguzi ulirudiwa katika majimbo 16, si yote 50. Kulikuwa na malalamiko mengi juu ya hilo pia, na Januari 2001 damu ilimwagika na maelfu ya Wapemba wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Lakini bila karatasi, Mwenyekiti anabaki na mambo mawili tu: kuyabeba matokeo yote kwa mabega yake au kuyatupa yote. Mwaka 2015 yakatupwa. Marudio ya 20 Machi 2016 yakasusiwa na CUF, na Dk. Shein akapewa asilimia 91.4, idadi ambayo nadhani haikumfurahisha hata yeye.

Majirani zetu wameyapitia haya na wametuachia mfano. Agosti 2022 Tume ya Kenya iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo, za vituo zaidi ya 46,000. Kisha, siku ya kutangaza, makamishna wanne kati ya saba wakatoka nje wakasema matokeo hawayatambui. Kwetu mgawanyiko kama huo ndani ya Tume ungetosha kuivunja nchi. Kule watu walikuwa wamekwisha kuhesabu wenyewe. Vyombo vya habari vilijumlisha, vyama vilijumlisha, vijana walijumlisha, na majibu yakakaribiana. Mahakama ya Juu ikasikiliza shauri na 5 Septemba ikathibitisha matokeo kwa sauti moja. Mkuu wa nchi aliyepatikana anapendwa au hapendwi, hilo ni jengine, lakini nani alipata kura nyingi halikuwa tena suala la kuamini au kutoamini. Malawi karatasi zilifanya kazi upande wa pili: mwaka 2019 fomu zilikutwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe, na Februari 2020 majaji wakaubatilisha uchaguzi wa rais kwa sababu ushahidi ulikuwa unaonekana kwa macho.

Kwetu mahakama haiwezi kufanya hivyo. Mgombea urais akishatangazwa na Tume yako, Katiba inaufunga mlango, hakuna korti inayoweza kuuliza. Katiba ya Muungano ina kifungu kama hicho, na Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha hapo hapo, iliamua kwamba kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kubadilisha Katiba si kazi yako na sikuombi uifanye. Lakini maana yake kwako ni nzito. Wewe ndiye unayehesabu, wewe ndiye unayetangaza, na baada yako hakuna rufaa. Mtu mwenye mamlaka ya namna hiyo anapaswa kuwa wa kwanza kutaka mashahidi. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kura ni mali.

Itazame pia safari ya namba zetu. Mwaka 2010 mshindi na aliyemfuata walitengana kwa asilimia moja. Mwaka 2020 Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76.27 na Maalim Seif kwa 19.87. Mwaka 2025 Dk. Mwinyi akatangazwa tena kwa zaidi ya asilimia 74, na chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kikakataa. Sisemi haiwezekani. Watu hubadilika, vyama hupasuka, CUF ilipasuka tukishuhudia, na barabara na skuli zinazojengwa zina wapigakura wake. Ninachosema ni kwamba badiliko kubwa kiasi hiki, katika nchi iliyokuwa ikigawanyika nusu kwa nusu tangu ukoloni, linahitaji maelezo ya kituo kwa kituo. Kama ni ushindi halisi, karatasi zitaupamba. Sijaona mshindi wa haki anayeficha hesabu zake.

Kuna watakaokwambia kwamba tunayo Serikali ya Umoja wa Kitaifa, tuliyoipitisha kwa kura ya maoni ya 31 Julai 2010 kwa asilimia 66.4, kwa hiyo ugomvi wa hesabu umekwisha. Ni kinyume chake. Nafasi ya Makamo wa Kwanza wa Rais inategemea asilimia za kura, na wizara zinagawanywa kwa kufuata viti vya Baraza la Wawakilishi. Umoja wenyewe umejengwa juu ya hesabu. Maalim Seif aliyakataa matokeo ya 2020, na Desemba ya mwaka ule akala kiapo cha kuwa Makamo wa Kwanza, miezi michache kabla hajafariki. Wapo waliomlaumu. Mimi naona alichagua amani, lakini nchi haiwezi kila baada ya miaka mitano kutegemea mtu mmoja ameze uchungu ili wengine walale.

Na uwajibikaji? Nitasema kwa ufupi, maana si eneo lako. Mwakilishi anajua alivyoingia Barazani, na kwa kujua hilo anajua pia wa kumwogopa. Akiwa ameingia kwa kura zinazoonekana, siku ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inaposomwa atawakumbuka waliompa. Akiwa na shaka juu ya hilo, atamkumbuka mwengine.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni usalama: vituo vyetu ni vidogo, shehia zetu zinajuana, na matokeo ya kituo yakiwekwa wazi watu wataadhibiwa kwa walivyopiga kura. Hofu hiyo ina msingi, siidharau. Lakini kura zinahesabiwa kituoni, mbele ya mawakala wa mtaa ule ule. Kabla ya alfajiri sheha anajua, chama kinajua, na jirani anajua. Wanaofichwa ni watu wa mbali tu, wale ambao wangeweza kulinganisha.

La pili ni teknolojia. Hapa nakubali kwa sababu nyengine: 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa Tanzania, na tovuti nzuri kiasi gani haifai kitu gizani. Kwa hiyo fomu ibandikwe ukutani kituoni, ibaki hapo kwa wiki nzima, na nakala zichapwe gazetini. Karatasi na gundi hazihitaji mtandao.

Kuna na kura ya mapema, inayopigwa kabla ya siku ya uchaguzi, iliyoletwa na sheria ya 2018 na kutumika 2020 na 2025. Sheria inasema ni kwa watendaji wa uchaguzi na watu wa ulinzi watakaokuwa kazini siku yenyewe. Sawa. Ni wangapi kwa kila kituo? Orodha yao inabandikwa lini, nani anaipinga akiona jina lisilostahili, na sanduku linalala wapi usiku ule, likilindwa na nani? Mambo hayo yakiwemo katika fomu hadharani, nusu ya maneno ya mitaani yatakufa yenyewe. Nusu nyengine itahitaji kazi zaidi.

Huna haja ya kungoja 2030. Anza na fomu za 2025, ziwekeni zote. Kisha za 2020. Kisha zile za 25 Oktoba 2015, za majimbo yote 54, yale 31 yaliyotangazwa na yale 23 ambayo hayakusomwa. Ama kama hazipo tena, tunaomba tuambiwe ziliharibiwa tarehe gani, kwa amri ya nani, na kwa kifungu kipi cha sheria.

Wako,
Mpigakura, Unguja